Sifuri ya saa saba usiku: barua ya wazi kwa wahadhiri wa kompyuta wa Jinja na Mbale

YAH: ALAMA ZINAZOTOLEWA NA MASHINE YA KUSAHIHISHA

Waheshimiwa wakuu wa idara, na ndugu zangu wahadhiri,

Mimi ni mkufunzi wa jioni. Nakaa Walukuba, na siku za juma nafundisha Python hapa Jinja, vijana wa vyuo vyenu wanaokuja kutafuta msaada baada ya masomo. Jumamosi napanda taksi alfajiri, napita Iganga na barabara ya Tirinyi, nashuka Mbale, na kazi ni ileile mpaka jua linapozama. Kwa hiyo mazoezi mnayoyatoa huwa nayaona, mara nyingi yakiwa yameshamkwamisha mtu.

Nawaandikia kuhusu testi. Nasema ile programu ndogo inayopokea faili la mwanafunzi, ikaliendesha, ikalinganisha majibu, na baada ya sekunde chache ikatoa alama. Msimbo nitauita msimbo. Najua vijana wanasema kodi, lakini katika nchi hii neno kodi lina wenyewe, na makao yao makuu yako Nakawa.

Sina ugomvi na mashine hiyo. Darasa likiwa na vijana mia moja na hamsini na mhadhiri ni mmoja, kupitia faili moja moja kwa macho ni adhabu, na sote tunakumbuka ilivyokuwa: kazi inakusanywa mwezi wa pili, alama zinarudi mwezi wa tano, mwanafunzi hakumbuki hata alichoandika. Wala si jambo la jana. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute, Marekani, alieleza programu yake ya kusahihisha kazi za wanafunzi waliokuwa wakitoboa kadi, na mwaka 1965 Forsythe na Wirth wa Stanford wakaandika kuhusu ya kwao. Ila Hollingsworth aliwasahihishia wanafunzi waliokuwa palepale chuoni kwake. Seva inayomsahihishia kijana wa Namakwekwe huenda iko ng'ambo ya bahari, na haijui anaandikia kifaa gani, wala kwake sasa hivi ni saa ngapi.

Hilo la saa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Muhula uliopita chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilitoa kazi yenye funksheni tano. Nne zilikuwa hesabu za kawaida. Ya tano iliitwa tarehe_ya_kazi, na ilitakiwa kurudisha tarehe ya siku ambayo mwanafunzi anawasilisha. Nadhani nia ilikuwa njema: kuwazuia watu wasilete kazi za mwaka uliopita kama zilivyo. Testi ilichukua tarehe hiyo ikailinganisha na tarehe ya seva. Zikipishana, inakatika hapohapo na faili zima linapata sifuri, hata kama zile funksheni nne hazina doa. Kuwasilisha kulikuwa mara moja tu.

Binti mmoja wa Mbale aliwasilisha usiku wa kuamkia Ijumaa, saa saba na robo. Alichagua saa hizo kwa kuwa bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana, na kwa kuwa kompyuta ya nyumbani mchana inatumiwa na kaka yake. Aliandika tarehe ya Ijumaa, maana Ijumaa ilikuwa imeshaingia. Akapata sifuri. Asubuhi, saa mbili, akachukua faili lilelile, hakugusa hata nukta, akalipitisha kwenye kiungo cha mazoezi cha chuo, ambacho kinatumia testi zilezile ila hakiandiki alama. Likapita lote. Akapiga picha ya skrini, akampelekea mhadhiri. Jibu lilikuwa fupi: umerekebisha kitu, sasa unasema hukugusa.

Jumamosi akaja kwangu. Nitaeleza kwa urefu nilivyotafuta kasoro, kwa sababu nataka muitazame njia yenyewe.

Kwanza niliendesha faili kwenye laptopu yangu. Likafeli, na halikunisaidia kitu, kwani siku hiyo ilikuwa Jumamosi na tarehe iliyoandikwa ndani ni ya Ijumaa. Nikairudisha saa ya laptopu nyuma mpaka Ijumaa, saa saba na robo usiku. Likapita. Hapo ndipo wengi wetu husema "kwangu linafanya kazi" na kwenda kutafuta chai, na nakiri nilikuwa nimeshainuka. Nikakaa tena, nikawaomba vijana wa darasa lile wanitumie saa walizowasilisha na alama walizopata. Tisa wakajibu. Nikawaandika kwenye daftari kwa mpangilio wa saa, majina nikayaacha. Waliowasilisha mchana au jioni wote walikuwa wamepita. Wanne walikuwa na sifuri, na wote wanne, binti yule akiwemo, walikuwa wamewasilisha baada ya saa sita usiku na kabla ya saa tisa. Kijana mmoja alikesha usiku uleule, ila mtandao ulimsumbua, faili lake likafika saa tisa na dakika nne. Huyo alipata alama zote.

Nikaizungushia duara ile saa tisa. Uganda iko saa tatu mbele ya majira ya ulimwengu, yale yanayoitwa UTC, na seva nyingi za kukodi hufuata UTC mpaka mtu azibadilishe. Saa saba na robo usiku ya Mbale, kwa seva ni saa nne na robo usiku ya siku iliyotangulia. Ijumaa ya binti ilikuwa bado Alhamisi kwenye mashine, na ingebaki Alhamisi mpaka saa tisa usiku ya kwetu. Nikaiweka laptopu isome UTC, dakika ileile. Faili likafeli. Nikairudisha kwenye Africa/Kampala. Likapita. Nilifanya hivyo mara tatu, binti amekaa pembeni anatazama, na mara ya tatu akacheka peke yake kama mtu aliyeambiwa kwamba homa yake ina jina.

Dawa ni mstari mmoja. Tangu toleo la 3.9, la mwaka 2020, Python inakuja na moduli ya zoneinfo. Testi iache kuuliza date.today() na iulize datetime.now(ZoneInfo("Africa/Kampala")).date(). Ukiiendesha kwenye Windows weka pia kifurushi cha tzdata, maana Windows haina orodha hiyo ya majira, na usipokiweka utakuwa umebadilisha kosa moja kwa jingine.

Lakini mstari mmoja hautoshi kulisahau jambo hili. Angalieni ni nani aliyeumia. Tangu Julai 2021, ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018 ilipoondolewa, data yenyewe ndiyo inayotozwa ushuru, asilimia 12. Anayenunua bando anaulipa. Mwenye uwezo wa bando la mchana alipita. Aliyesubiri bando la usiku alipata sifuri, na juu ya sifuri akaitwa mwongo.

Msidhani najiona msafi. Mwaka jana nilitunga zoezi ninalolipenda mno: funksheni ya kugeuza saa za Kizungu kuwa saa zetu. Ukiipa 7 ikupe 1, ukiipa 13 ikupe 7. Halihitaji maelezo marefu, kwa sababu hapa mtu anataja saa kwa Kiswahili au kwa Lusoga huku simu mkononi inaonyesha namba nyingine kabisa, naye hachanganyikiwi. Wengi walileta jibu zuri la mstari mmoja: toa 6, kisha chukua kinachobaki ukigawa kwa 12. Na hapa Python ina uungwana wake. 3 ukitoa 6 ni hasi 3, na kwa Python -3 % 12 ni 9, yaani saa tisa ya usiku kama inavyotakiwa, ilhali lugha ya C ingekurudishia hasi 3 yako. Testi yangu ilijaribu 7, 10, 13 na 3. Zote zikakubali. Nikatoa alama kamili karibu darasa zima.

Wiki iliyofuata, kwenye paki ya taksi ya Jinja, nikamwonyesha mama anayeniuzia gonja programu ya mwanafunzi mmoja, kwenye simu, kwa kujisifu kidogo. Akasema, haya, taksi ya kwanza ya Kamuli inaondoka saa kumi na mbili. Hiyo simu yako inasemaje? Nikaandika 6. Simu ikajibu saa 0.

"Saa sifuri ndiyo saa gani, mwalimu?"

6 ukitoa 6 hakibaki kitu. 18 ukitoa 6 ni 12, na 12 ukigawa kwa 12 hakibaki kitu. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, saa mbili ambazo mji mzima unazitaja kila siku, ndizo nilizosahau kuzijaribu. Nilikuwa nimegawa alama kwa majibu yenye kasoro, na hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyekuja kulalamika. Sifuri ya uonevu humleta mtu mlangoni kwako. Alama ya bure haimleti yeyote, na ningeendelea nayo hadi leo kama nisingependa gonja.

Tangu siku hiyo testi yangu haigusi faili la mwanafunzi kabla haijapita kwenye mafaili yangu mwenyewe. Naandika jibu sahihi kwa namna yangu. Namwomba mtu mwingine aandike jibu sahihi kwa namna yake, bila kuona langu. Kisha naandika matatu au manne yenye makosa ya makusudi: moja linasahau mwanzo, moja linasahau mwisho, moja linarudisha neno mahali pa namba, na moja la ujanja ambalo limekariri majibu ya mfano uliotolewa kwenye swali bila kukokotoa chochote. Sahihi mawili lazima yapite. Mabovu yote lazima yafeli, tena kila moja lifelie pale nilipotegemea. Bovu moja likipita, testi ni mgonjwa, na siitoi. Kazi hiyo hunichukua kama saa moja. Ni saa ndefu, sikatai.

Lile jibu sahihi la mtu mwingine ndilo wengi wanaliruka, nalo ndilo linalofichua mengi. Kulikuwa na zoezi la kahawa ya Bugisu: mkulima ameleta kilo kadhaa, zikadirie kuwa kilo nzima, zidisha kwa bei. Mtunzi alikokotoa majibu kwa mkono kama tulivyofundishwa shule ya msingi: 12.5 inakuwa 13. Mwanafunzi akatumia round ya Python, ikampa 12. Amefeli. Mkulima wa pili alikuwa na 13.5, round ikampa 14. Amepita. Kijana alinijia akiamini kompyuta ya chuo ina majini. Haina. Python 3 ikikuta nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo 12.5 inashuka na 13.5 inapanda. Python 2 haikuwa hivyo, ilikuwa inapandisha zote mbili, na sisi tuliojifunza enzi zile tunaweza kufundisha miaka mingi bila kugundua kwamba mambo yamebadilika. Swali halikusema ni ukadiriaji upi unaotakiwa. Kwangu mimi hapo aliyekosea ni swali.

Desimali nyingine sizirefushi, mnazijua: 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, na testi inayodai 0.3 kwa alama mbili za usawa inadai kisichowezekana. math.isclose ipo tangu toleo la 3.5. Itumieni.

Sasa niwapeleke Mbale, karibu na mnara wa saa, kwa kijana mwenye simu iliyopasuka kioo. Hana kompyuta. Wenzake wengi hawana. Msimbo wote wa muhula aliuandika kwa vidole gumba, akitazama kundi la WhatsApp la darasa kwenye simu ya rafiki. Mstari uliomshinda ulikuwa ule wa kulinganisha __name__ na "__main__". Yeye alikuwa ameandika kistari kimoja cha chini kila upande, na Python ikamwambia haijui _name_ ni nini. Ndivyo alivyouona kwenye skrini: WhatsApp huchukua vistari vya chini kuwa alama ya kulaza maandishi, ikameza viwili, ikabakiza viwili. Nyota za kuzidisha nazo huliwa vivyo hivyo pale zinapolikumbatia neno, ila zenyewe hugeuka maandishi mazito. Na baadhi ya kibodi za simu zina wema wao wa kugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizojikunja, ambazo Python huzikataa kabla hata ya kuendesha mstari wa kwanza. Mwanafunzi anazitazama na haoni tofauti. Mimi mwenyewe huvaa miwani.

Mashine ikikutana na faili la namna hii inaandika kosa, sifuri, basi. Binadamu angeona baada ya nusu dakika kwamba kijana anajua anachofanya na kinachomsumbua ni kibodi.

Kuna pia ile ya input. Mwanafunzi anaandika programu yake nyumbani, juu kabisa anaweka input ya kuuliza jina, anaijaribu, anaandika jina, inamsalimia, anafurahi. Testi ya chuo haiendeshi programu yake kama yeye. Inaliingiza faili kama moduli ili iite funksheni moja moja, na kuliingiza tu kunaamsha ile input, ambayo inasubiri mtu aandike. Hakuna mtu. Inakufa kwa EOFError, neno ambalo kijana hajaliona maishani mwake, na hakuna funksheni hata moja iliyojaribiwa. Kama mnataka faili liingizwe kama moduli, fundisheni jambo hilo wiki ya kwanza na mliandike kwenye swali. Kama hamjalifundisha, msilitahini.

Na kwa walio maabara: kompyuta zenu nyingi ni Windows, seva ni Linux. Nimeona zoezi la kuhesabu herufi za maneno ya Luganda yaliyo kwenye faili, na miongoni mwake kuna ŋŋaali, yule korongo wa kwenye bendera yetu. Herufi zake ni sita. Mwanafunzi akiwa maabara alipata nane, kwa sababu Windows ilifungua faili kwa usimbaji wake wa zamani na kila ŋ ikasomwa kama herufi mbili za ajabu. Akaona orodha ya majibu inasema sita. Akafikiri sana. Mwishowe akaandika kwamba neno likiwa na herufi hizo za ajabu, atoe mbili. Maabarani msimbo ukapita. Kwenye seva ya Linux, ambako hesabu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, msimbo wake wa viraka ukatafuta herufi za ajabu usizione, na katika kuhangaika ukakatika. Kumbe kwenye open angeongeza tu encoding="utf-8" na mambo yangekwisha. Hakuambiwa. Kijana mwenye akili ya kutengeneza kiraka kama kile alistahili mtu wa kumwambia.

Najua hoja zenu, nimezisikia. Ya kwanza ni kwamba testi zikionyeshwa, wanafunzi watakariri majibu. Ni kweli, wapo, na lile faili langu la ujanja nililitunga kwa mfano wao. Basi fichani namba, onyesheni jambo. assert ya Python inakubali ujumbe baada ya koma, na ujumbe huo unaweza kuandikwa kwa lugha yoyote: "Funksheni yako haijashughulikia saa kumi na mbili", au "Nilitegemea namba, umerudisha neno". Mwanafunzi akisoma hivyo anajua pa kutazama, na jibu hajapewa. Neno AssertionError likiwa peke yake halimfundishi mtu kitu.

Ya pili ni kwamba mkiruhusu kuwasilisha mara nyingi, watu watabahatisha. Wekeni mara tano. Sisi tunaokaa kando ya Nalubaale, bwawa linalozalisha umeme tangu 1954, tunajua taa zinavyoweza kuzimika hata hapa mtoni, na mtu ambaye umeme umemkatikia katikati ya kupakia faili hakubahatisha chochote.

Ya tatu ni muda, na hiyo sina jibu la kejeli. Mnafundisha madarasa makubwa na mishahara tunaijua. Lakini mashine imewaokolea wiki nyingi za kusahihisha. Naomba sehemu ndogo ya wiki hizo irudi kwa testi zenyewe, na kwa mafaili yaliyopata sifuri tu. Sifuri hazitakuwa nyingi. Kila sifuri isomwe na mtu kabla haijaandikwa kwenye orodha ya alama. Zipangeni kwa saa ya kuwasilisha, kisha kwa aina ya kosa. Mkikuta sifuri kumi zenye kosa moja linalofanana neno kwa neno, anzeni na testi yenu, kabla hamjafikiria kwamba watu kumi wamenakiliana.

Waambieni wanafunzi toleo la Python mnalotumia. Waambieni "mwisho saa sita usiku" ni saa sita ya wapi. Wekeni testi ndogo ya bure ambayo kazi yake ni kusema tu: faili lako limefika, linasomeka, funksheni zote tano zipo. Hiyo peke yake ingepunguza foleni mlangoni pangu Jumamosi, na mapato yangu kidogo, nami nimekubali.

Wanaokuja kwenu ni wale waliofanya mtihani wa UCE wa kwanza wa mtaala mpya mwaka 2024. Wamezoea kwamba asilimia 20 ya alama zao inatoka kwenye kazi walizofanya darasani mbele ya mwalimu anayewajua kwa jina. Watauliza maswali kuhusu sifuri zao kuliko walivyouliza kaka zao. Jiandaeni kuwajibu kwa ushahidi.

Na kuhusu wale wanne wa usiku ule. Muhula umekwisha, sifuri zao bado ziko kwenye orodha. Mhadhiri anayehusika ataisoma barua hii na kujijua, nami sina kisasi naye. Testi yake ilikosea saa tatu, yangu ilikosea saa kumi na mbili. Ninalo daftari lenye saa za vijana wote tisa, ninalo faili la binti kama lilivyofika kwenye seva, na laptopu ninakuja nayo. Siku za juma nipo Jinja, Jumamosi nipo Mbale. Nipeni dakika ishirini ofisini, kisha zile sifuri nne zifutwe.

Wenu katika kazi,
Mkufunzi wa jioni,
Walukuba, Jinja